Salamu Kwanza, Pareto Baadaye

Wiki hii mwalimu wetu hapa Nakuru ametufundisha adabu ya kazini. Ukiajiriwa, anasema, vua kofia, funga mdomo, ongea ukiulizwa. Darasa zima likaitikia. Mimi nikacheka, nikapata kiboko changu, na sijuti. Adabu ya kazini niliiona kwa macho yangu, rafiki yangu, na haikuwa imefunga mdomo.

Nilikuwa mdogo, nakaa na nyanya yangu kwenye shamba la mzungu huko juu Subukia. Asubuhi ilikuwa baridi ya kukata masikio, moshi, na viazi vya kuchoma kwenye majivu, unakula huku unapuliza vidole. Halafu pareto ya dawa ya wadudu, maua meupe mpaka macho yanachoka, harufu yake inashika nguo hadi kanisani. Kabla ya kuchuma, wanawake walisimama mwanzo wa mistari wakasalimiana kwa mkono, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Umelalaje? Mtoto bado anakohoa? Aliyeamka mgonjwa alipewa mstari mfupi, na wenzake wakamjazia kikapu. Nyanya alisema huwezi kufanya kazi na mtu ambaye hujui ameamkaje.

Kisha akaletwa nyapara mpya. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni imekataza mikutano, na yeye akiona wanawake wachache wamesimama pamoja aliona mkutano.

"Hapa ni kazi! Salamu mtapeana nyumbani."

Wakainama, wakachuma. Haikupita muda, jirani yetu akaja na homa, hakuna aliyejua, akaanguka katikati ya mstari. Maua yake yakamwagika matopeni.

"Amka, mama! Unachezea mali ya bwana?" nyapara akafoka.

Nyanya akaweka kikapu chini, akamwendea nyapara, akanyoosha mkono. "Hujambo, mwanangu?"

"Rudi kwa mstari, ama kesho utahama shamba hili."

Hakuwa akitania. Nyumba yetu ilikuwa ya shamba. Neno lake moja tu, tungelala barabarani.

"Nimekusalimu," nyanya akasema, mkono uko pale pale.

Wanawake wote wakaweka vikapu chini, wakapanga foleni nyuma yake, mikono mbele. Mimi nikajipenyeza kati yao, nikapaza sauti. "Hujambo, bwana nyapara? Mke hajambo? Na kuku je, wameamka?"

Shamba zima likapasuka kicheko. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Mwishowe akaushika mkono wa nyanya.

"Sijambo," akasema, kama mtu anayemeza kwinini. "Huyu mama ana nini?"

"Homa. Ungeambiwa tangu asubuhi."

Jirani akapelekwa dispensari na trekta la shamba. Kesho yake wanawake wakasalimiana, na hakuna aliyewakataza. Lakini mavuno yalipoisha, nyanya akafukuzwa. Alifunga sufuria na blanketi, akaaga kila mtu kwa mkono, nyapara pia.

Siku hizi pale ni ngano tupu, na mashine moja inafanya kazi ya wale wanawake wote. Wengine wako kijiji cha Kabazi, wengine sijui wapi. Mashine haiulizwi imelalaje.

Lakini mimi nikiajiriwa, hata ofisi iwe ya nani, nitauliza nani ameamka mgonjwa kabla sijashika kalamu. Wakitaka, wanifukuze. Kwetu kufukuzwa si jambo geni.