Sauti ya Nne Ilikuwa Karen

Mimi hukusanya karatasi za zamani za kwaya. Sisemi vitabu vya siku hizi vyenye jalada la kung'aa. Nataka zile zilizochapishwa kwa mitambo ya wamisheni, noti za solfa, do re mi zimeandikwa kwa herufi, karatasi imegeuka rangi ya chai. Nyingine nimezipata kwa wauza vitabu wanaotandika chini huko mjini, nyingine kwa wajane, na moja nilimnyang'anya mama mmoja wa mtaa wa Kangemi aliyetaka kufungia mandazi.

"Lakini shosho, bibi yangu, ni karatasi tu," akaniambia.

"Na wewe ni nyama na mifupa tu, lakini hatukufungii mandazi."

Shule nilisoma kidogo, nikatolewa nikavune pareto. Solfa niliipata kwa kwaya, na kwaya haikuuliza cheti. Kwa hivyo mtu asinione nimekaa na miwani juu ya karatasi kuukuu akafikiri najifanya. Nasoma.

Kulikuwa na wimbo mmoja ulioninyima raha tangu nikiwa msichana. Kanisa letu lilipewa nakala moja ya wimbo wa sauti nne, moja tu, ukurasa mmoja. Mwalimu wa kwaya akaweka kila sauti kwenye pembe yake ijifunze kwanza, halafu atuunganishe. Kabla hatujaunganishwa, kwaya ikagombana juu ya kola za sare. Wengine walitaka kola nyeupe, wengine buluu. Usicheke, watu walikosa kusalimiana. Watu wa buluu wakasema wanaenda kuanza kwaya yao, na wimbo wanaenda nao.

Wazee wa kanisa wakaketi. Na wazee wetu, kitu wanachojua kugawa ni mbuzi: huyu kichwa, yule mbavu, kila mtu na kipande chake, mambo yakaisha. Basi wakaagiza makasi. Wakakata ule wimbo kwa sauti, mstari kwa mstari, wakabandika kila sauti kwenye kadibodi yake, wakagawa. Hakuna aliyetoka hapo amedhulumiwa. Na hakuna aliyetoka na wimbo.

Nimezeeka nikivitafuta hivyo vipande. Cha sauti ya kwanza nilikuwa nacho, kwa maana ndiyo sauti yangu. Cha pili kilikuwa kwa rafiki yangu wa kanisani. Cha tatu tulikipata mtaa wa Hurlingham, kwa binti wa marehemu mmoja, amekiweka ndani ya Biblia ya babake. Kikabaki cha nne. Nilitaka kuusikia huo wimbo mzima, hata mara moja, kabla sijalala udongoni. Sikuwa na haja nyingine.

Mwaka huu tukasikia kuna mzee anaishi mtaa wa Karen kwa bintiye, mtu wa sauti ya nne, na kadibodi yake ameitia kwenye fremu ya kioo. Nikampigia rafiki yangu. Akaja na mumewe, ambaye huimba sauti ya tatu na hupenda chai ya watu. Tukachukua teksi.

Mzee mwenyewe alitutokea mlangoni na fimbo.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu," nikasema.

Akatuangalia mmoja mmoja kama anayechagua kuku sokoni.

"Kola gani?"

"Nyeupe."

"Basi rudini mlikotoka."

"Mzee, nimetoka Kangemi na magoti haya. Kwanza utanipa kiti, halafu ndipo unifukuze."

Bintiye akacheka huko ndani, akatukaribisha. Fremu ilikuwa juu ya televisheni. Nilihisi moyo unaruka kama msichana wa kipaimara, na mimi si mtu wa mambo hayo.

"Hiyo siuzi," mzee akasema kabla sijameza hata chai.

"Nani amekuja kununua? Nimekuja kuisikia."

"Utasikia nini na maneno hamkunipa? Maneno yalichapwa katikati, makasi ikayapeleka yote kwa sauti ya pili. Wachoyo nyinyi! Miaka yote naimba la-la-la kama mtoto."

Rafiki yangu akatoa kadibodi yake, akaipanga mezani pamoja na zetu. Mzee akashusha fremu mwenyewe, akaifungua nyuma, akaweka kipande chake chini ya vyetu. Makasi ya wazee haikuwa imenyooka, lakini kingo zilikubaliana, kila tumbo na shimo lake.

Nikatoa do. Tukaanza sisi watatu. Sasa niseme ukweli: sauti yangu katika wimbo huo inakanyaga mahali pamoja, so so so, la, so so so, na siku zote nilimlaumu aliyeutunga. Nilisema alikuwa mvivu. Halafu mzee akaingia kutoka chini, mara tuni yenyewe ya wimbo ikasimama katikati ya sebule kama ng'ombe aliyeingia jikoni. Kumbe yeye ndiye aliyebeba wimbo! Sisi wengine tulikuwa tukimpigia makofi tu. Nusu ya maisha yangu nimekuwa nikihifadhi mchuzi na kuuita nyama.

Nikaanza kucheka, nikashindwa kunyamaza. Rafiki yangu akakaa chini kwenye zulia. Lakini mzee alikuwa ameinama juu ya maneno, anasoma kwa kidole, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Ngojeni," akasema. "Bwana harusi yuko langoni? Bibi harusi, inuka?"

"Ndiyo," rafiki yangu akajibu. "Ni wimbo wa harusi."

"Wa harusi! Mimi nilidhani ni wa huzuni! Nimeuimba polepole kwenye kaburi la kila ndugu yangu!" Akajipiga paji la uso. "Maskini, kumbe niliwaoza!"

Hapo hata bintiye aliweka sinia chini akashika ukuta. Mbwa wakabweka nje. Mzee akacheka hadi meno yakataka kutoka, akayarudisha kwa dole gumba, akatuamrisha tusimame tuuimbe tena, sasa kwa mwendo wa harusi. Tukauimba. Tukauimba tena. Chai ikapoa, hakuna aliyejali, hata mume wa rafiki yangu.

Tulikuwa kwenye teksi tukirudi nyumbani, tumeshapita Dagoretti Kona, ndipo rafiki yangu akafungua mkoba wake na kupiga kelele: "Karatasi! Tumeziacha zote mezani!"

Dereva akapunguza mwendo ageuze. Nikamwambia aendelee. Zilikuwa zimelala pamoja, zote nne, nani tena azitenganishe? Tena tulikuwa katikati ya ubeti wa pili. Mume wa rafiki yangu alijaribu kushusha koo aimbe sauti ya mzee, akakwama chini huko kama pikipiki kwenye matope, akabaki ananguruma, nasi tukacheka mpaka nikaomba dirisha lifunguliwe.