Bahasha ya Bi Samiha

Hapa Tongoni mwanamke akifa, Bi Samiha ndiye huitwa kumwosha. Hadai kitu. Ukimwuliza, atakwambia, "Na mimi nitaoshwa na nani?"

Kazi yake nyingine ni kupika. Miaka mitano sisi wanawake sita, yeye akituongoza, tumepikia bweni la sekondari. Lakini zabuni ni ya Tahiri mwenye duka la jumla. Shule humlipa yeye, naye hutupa sisi kibarua cha siku, akipenda. Mwaka huu Bi Samiha akasema tuombe wenyewe. Tukasajili kikundi, na bei nikaziandika mimi, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, mwanangu nimempakata.

Mwisho wa kupeleka bahasha ya maombi shuleni ulikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumanne nikamwambia tukaitie yetu kwenye sanduku la zabuni. Akakataa.

"Bahasha ikilala huko inachunguliwa, mwanangu. Nitaipeleka mwenyewe siku ileile."

Akaifungia kashani, ufunguo akaufunga pindoni mwa kanga.

Alfajiri ya Alhamisi ikaja habari ya msiba: mama yake Tahiri.

"Usiende," akasema Benedikta, mwenzetu wa jikoni. "Leo waoshe wengine."

"Yule mama ana kosa gani? Saa tatu nitakuwa nimemaliza."

Sanda ikachelewa kutoka mjini. Mimi nimekaa nje ya pazia, mtoto mgongoni, natazama simu. Anayeosha maiti haitwi katikati ya kazi. Saa nne kasorobo mkono wake ukatoka pembeni mwa pazia, umelowa, unanukia kafuri. Ufunguo.

"Kimbia."

Nikaitoa bahasha kashani kwake, nikakodi bodaboda, mtoto analia njia nzima. Nilipofika, karani wa shule, Robert, na kamati ya zabuni walikuwa wameshalifungua sanduku.

"Saa nne na dakika tisa, dada."

"Tulikuwa msibani kwa Tahiri!"

"Poleni. Tahiri mwenyewe aliitia yake jana."

Akaandika IMECHELEWA juu ya bahasha, akanirudishia bila kuifungua.

Baadaye tulisikia bei ya Tahiri. Yetu ilikuwa chini. Bi Samiha hakunilaumu, wala hakujilaumu mbele yetu. Aliirudisha ile bahasha kashani tu.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Tahiri akaja na doti ya kanga na sabuni.

"Mama, ulivyomsitiri mama yangu, sina cha kukulipa."

"Unacho sana," Benedikta akasema. "Kiko shuleni."

Tahiri akajifanya hakusikia. "Jumatatu mje jikoni kama kawaida. Ila kibarua nitapunguza kidogo, vitu vimepanda."

Doti ile Bi Samiha alinipa mimi, nibebee mtoto. Hakuikunjua hata kuitazama.

Jumatatu tulikwenda, tungefanyaje, watoto wanakula. Tahiri akachungulia jikoni.

"Shikamoo, mama."

Bi Samiha alikuwa anasonga ugali. Sijapata kumwona akiacha shikamoo ya mtu bila marahaba, hata ya mlevi. Tahiri akarudia, kwa sauti zaidi. Yeye akaendelea kusonga.