Vidonge vya Bi Muhuri

Mama mkubwa wangu alikuwa mkaguzi wa nyama, na mjini wengi hawakumjua kwa jina lingine ila Bi Muhuri. Bila muhuri wake wa wino wa zambarau kwenye paja la ng'ombe, hakuna bucha iliyouza kitu. Asubuhi machinjioni mvuke ulipanda kutoka kwenye nyama mpaka watu wakaonekana nusunusu, naye alipita humo taratibu na kisu chake, akipasua ini, akibonyeza matezi, akinusa. Alisema mvuke ule ulimfanya ajione anatembea usingizini. Mimi nasema alikuwa anatembea kwa maumivu. Sakafu ya saruji, maji baridi, mabuti ya mpira, miaka nenda miaka rudi: magoti yalikuwa yamekwisha.

Kila jioni mumewe, fundi cherehani mpole kuliko pamba, alimnunulia vidonge vya maumivu dukani na kumwekea kiganjani. "Meza, mke wangu, upumzike." Alimeza tumbo likiwa tupu, maana akitoka kazini hakuwa na hamu ya kula. Na huyu ndiye mwanamke ambaye hakugusa nyama isiyo na muhuri hata harusini! Nilimtania kwamba siku moja atalikagua hata yai. Vidonge hakuvikagua. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vinauzwa rafu moja na sabuni na kiberiti, nani angeviogopa?

Kisha zikaja habari za kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu. Ng'ombe walikuwa wamekufa kwenye mashamba ya mbali, na mji ukapagawa. Bucha zikabaki na nzi tu. Watu wanaovuka barabara bila kutazama wakaanza kunawa mikono mpaka viwiko. Nilicheka sana, ila nami nilikula maharage.

Wiki hiyohiyo Bi Muhuri akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

Baba mkubwa hakuuliza mtu. Aliijua kazi ya mkewe, alikuwa amesikia kwamba kimeta hufanya damu iwe nyeusi, akajijumlishia mwenyewe. Akachoma mabuti. Akamwaga dawa ya kuua vijidudu sakafuni mpaka macho yakatuwasha, akanikataza kuingia chumbani. Hospitali hakutaka kusikia, aliogopa watamtenga afe peke yake. Na kwa kuwa mgonjwa alilalamika tumbo linamchoma, akamwongezea vidonge. Kwa huruma, jamani!

Nilivumilia mpaka mchana, kisha nikausukuma mlango. Mwanga ulikuwa umechujwa na pazia la bluu, chumba kizima kimekuwa kama chini ya maji. Mama mkubwa alikuwa ameegemea mto akitabasamu, yuko mbali. Akaniambia ng'ombe wamekuwa wakipita humo tangu alfajiri, mmoja mmoja, kimya, kwato hazigusi sakafu, naye anawakagua.

"Wote wazima, mwanangu. Ila wananitazama mimi tu."

"Mama, usituache," nikasema, nikaanza kulia.

"Acha kelele. Niletee kioo."

Nikamshikia. Akavuta chini ngozi ya jicho kwa kidole gumba, kama anavyowafanyia ng'ombe kabla hawajachinjwa. Ndani palikuwa peupe kabisa. Alijitazama bila haraka, kikazi.

"Homa hana," akasema. "Na damu hana, inavujia ndani. Huyu analishwa nini?"

Nikageuka. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, glasi ya maji mkono mmoja, vidonge mkono wa pili.

Tulimbeba mbio. Hospitalini wakamwongezea damu, wakasema vidonge vimemtoboa tumbo, na kwamba tungechelewa mpaka kesho tungekuja na maiti. Nikamuuliza daktari kuhusu kimeta. Akasema hajampokea hata mgonjwa mmoja. Wa vidonge hawakosekani wodini, ila hao hakuna anayewatangaza.

Alipopata nguvu ya kukaa, mumewe alipiga magoti kando ya kitanda, akalia bila kuficha uso.

"Ni mimi niliyekuwa nakupa."

"Kazini kila kinachoweza kuniua nimefundishwa kukiogopa," Bi Muhuri akamwambia. "Mkono wako, nani angenifundisha kuuogopa?"

Akauchukua mkono huo, akauweka shavuni, akalala.