Baba na Kesi ya Wanamaji

Juzi nilikuwa Kahama, nimeketi kwa kinyozi, televisheni ikaanza kuonyesha ile filamu ya kesi ya wanamaji. Nikamwomba aizime. Alinishangaa, nami nikashindwa kumweleza. Acha nikueleze wewe.

Tuliiona mwanzoni mwa miaka ya themanini, mchana, kwenye ghala la pamba la kijijini kwetu. Madirisha yalizibwa kwa magunia, vumbi la pamba likitukereketa kooni, na mkalimani kutoka mjini akitutafsiria kwa kipaza sauti. Nahodha wa manowari aliamuru mabaharia washushe mashua katikati ya dhoruba. Baharia mmoja akakataa, akashtakiwa. Mahakamani wakili wake akamhoji nahodha, swali juu ya swali, mpaka jasho likamtoka. Baharia akaachiwa. Ghala zima likalipuka kwa vigelegele!

Baba hakupiga hata kofi. Kesho yake alikuwa na kesi yake mwenyewe.

Siku chache nyuma ulipigwa mwano, lile yowe la kuwaita wanaume wafukuze wezi wa ng'ombe. Kamanda wa jeshi la jadi, sungusungu waliolinda kijiji, akaamuru wavuke mto uliofurika. Baba akakataa, vijana wakarudi naye, ng'ombe wakapotea. Bibi, mama yake baba, alimsihi sana: "Mwanangu, chuchumaa, omba radhi. Watakutoza mbuzi, yaishe." Ndiyo iliyokuwa desturi. Mshtakiwa hamhoji kamanda.

Lakini baba alitoka ghalani mtu mwingine. Asubuhi alivaa shati lake la Krismasi, akasimama wima mbele ya mkutano.

"Kamanda, wewe mwenyewe uliingia majini? Maji yalikufika wapi?"

Nilijivuna, mtoto mjinga mimi. Kisha akawageukia wale vijana aliorudi nao, wamshuhudie. Jana yake walikuwa wakimshangilia baharia. Leo wote wakatazama chini. Kamanda hakujibu swali lolote. Alisema tu kwamba aliyekuwa atozwe mbuzi sasa atengwe.

Tukatengwa. Hakuna aliyeruhusiwa kutugawia moto wala kututembelea. Mama alisema "Mwangaluka" kisimani kila asubuhi, hakuna aliyeitikia, mwishowe akaacha kusalimia. Nyumba ikawa kimya mpaka sauti ya mwiko kwenye chungu ikawa inanitia uchungu.

Masika hayohayo bibi akafariki. Kwetu mfiwa hashiki jembe. Kaburi huchimbwa na majirani. Tulingoja mpaka jua likawa kali, hakuja mtu. Baba akachukua jembe akamchimbia mama yake. Mimi na mama tulisaidiana naye kumshusha. Watu walipita barabarani wakienda mnadani, wakageuza nyuso.

Ghala lile sasa limebaki kuta, na jeshi lenyewe halina tena sauti ile. Vijana wale ni wazee. Nikienda kijijini hunishika mkono, huniambia baba yangu aliwaokoa wasife maji. Wanayasema kwa machozi kabisa. Baba aliishi nao jirani mpaka kufa kwake, na hakuna aliyewahi kumwambia.