Pembe Kumi na Mbili

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, baba alifukia pembe kumi na mbili za ng'ombe katika shamba letu la mananasi pembezoni mwa Kampala, nami niliamini amejiitia kifo.

Baba alikuwa mwanajeshi mstaafu, mbishi ajabu, na mvinyo wetu wa mananasi, ule wa povu unaochachukia ndani ya chupa, ulikuwa fahari yake. Mgeni mmoja alimfundisha kulima bila dawa za dukani: jaza pembe mavi ya ng'ombe, ifukie miezi sita, kisha koroga yaliyomo kwenye maji na unyunyizie shamba. Maskini, mgeni hakujua kwamba kwetu Buganda pembe ni nyumba ya mizimu.

Jajja, mama yake baba, alisimama ukingoni mwa shamba, akakataa kutia mguu ndani.

"Hiyo kitu iko na macho," alisema. "Itarudi kutafuta mtu alizika yeye."

"Mama, ni mavi tu," baba akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimpenda baba mno. Kesho yake, jua la utosini, hata ndege wamenyamaza, nilifukua pembe ya mwisho nikaitupa kwenye kinamasi cha mafunjo. Ilizama polepole, ikitoa mapovu. Nilikusudia kuzitoa zote, ila hiyo moja ilinimaliza ujasiri.

Mwezi haukuisha, chupa ya mvinyo ikapasuka mikononi mwa baba ndani ya stoo. Kigae kikampofua jicho la kulia. Sukari ilizidi kwenye mvinyo, alisema, basi. Nilijua ni mimi niliyeiudhi ile pembe, na sikuthubutu kumwambia mtu.

Siku ya kuzifukua ilikuwa kiangazi, udongo umekauka kama unga. Nilikaa kando nikingoja kuumbuka. Baba alizipanga juu ya jani la mgomba, akazipapasa moja moja.

"Kumi na mbili," akasema. "Zote zipo."

Ya mwisho ilikuwa imelowa, na matope meusi yakichuruzika.

Huenda Jajja aliniona akairudisha. Lakini hakukanyaga shamba lile hadi tulipomzika.

Sasa shamba ni langu. Wageni wakiuliza habari za jicho la baba, nawaambia sukari ilizidi. Kila mwaka nazifukia pembe kwa mikono yangu, wala siwaruhusu wanangu kusaidia. Kama kuna kinachotafuta mtu, kinikute mimi. Kuzifukua namwachia mume wangu. Ameshanizoea, hahesabu kwa sauti.