Magoti ya Jumapili, mtihani wa Jumatatu

Naomba jina langu lisionekane, maana huku Kitshanga tunajuana. Nina miaka thelathini na tatu, mke na mama wa watoto watatu. Zamani nilisoma informatique Goma, nikawa naandika programu za kompyuta hadi mwalimu ananiita mbele niwaonyeshe wenzangu. Kisha nikaolewa kwenye familia ya wafugaji, na kwa miaka tisa kazi yangu ikawa maziwa.

Mwaka huu nimerudi. Rafiki yangu niliyesoma naye aliichukua mashini yangu, yaani kompyuta, hadi Goma, akaipakia masomo mapya, akairudisha kwa motard, dereva wa pikipiki. Alinisaidia pia kuomba kazi huko. Kufungua mashini, programu zangu zote za shule zikagoma! Aliyeipokea kwa motard ni mume wangu, yule yule aliyewahi kuniuliza, "Ukipata kazi ku Goma, utarudia tena huku?" Nikamlipukia mbele ya mama yake kwamba ameniharibia mashini.

"Miye? Miye najua ngombe tu," alijibu, akaondoka bila kula.

Nikampigia rafiki yangu nikilia. Akacheka. "Dada, luga ya kuandika programu ilishabadilika. Nilikuwekea ya mupya, ile unaandika iko ya zamani. Hakuna mutu aliharibu kitu."

Aibu ilinimaliza. Kumbe mimi ndiye niliyebaki nyuma, na nimemsingizia mtu. Mama mkwe akaamua: Jumapili, baada ya misa, nipige magoti mbele ya familia nzima. Nilikubali kwa moyo mmoja.

Lakini juzi, nikipekua barua pepe zilizofutwa, nikakuta ninaitwa Goma kwenye mtihani wa kazi. Ni Jumatatu hii asubuhi. Sikuwahi kuiona barua hiyo. Mtu aliifungua, akaisoma, akaifuta. Neno la siri ni jina la kifungua mimba wetu, na wanaojua hivyo ni wawili tu, mimi na mume wangu. Eti anajua ng'ombe tu!

Sijamwambia neno. Kila wema wake sasa naupima. Amenichajia mashini bila kuombwa. Amenichotea maji. Leo ameniuliza, anatabasamu, "Mama, siku ya Mungu ku misa utavaa kitenge gani?" Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Ili niwahi mtihani, lazima nipande pikipiki Jumapili asubuhi, saa ile ile ya misa, maana za Goma huondoka asubuhi tu. Nikiondoka, familia itasema nimekimbia kuomba msamaha. Nikibaki, kazi imekwenda, na yeye atanisamehe mbele ya watu wote.

Ndugu zangu, leo ni Ijumaa. Nishaurini: nimpigie magoti, au nipande pikipiki nikiwa na kitenge hicho hicho?