Wavulana wa Jikoni kwa Bi Shamsi

Bi Shamsi hakuwa mtu wa kupendeka, na hakujali. Aliletwa Kibondo kutoka pwani akiwa mke wa muuza vitambaa. Mume alipofariki, ndugu zake wakachukua duka, na mjane akabaki na mgahawa wa mabati karibu na stendi, pamoja na ulimi wenye pilipili. Wateja walivumilia matusi yake kwa sababu alijua kupika.

Mradi wa vijana ulipofika katani, wenye mradi walimwomba awafundishe wasichana mapishi. Alikataa.

"Hao wanapika tangu hawajaota meno ya pili," alisema. "Nileteeni wavulana."

Walidhani anatania. Baadaye mradi ulikwisha, wenyewe wakapanda magari yao wakaenda, lakini yeye aliendelea kila Jumamosi katika stoo ya kata iliyokuwa haina kazi. Wavulana walijifunza kusonga ugali, kufua, kushona kifungo, kumwogesha mtoto mchanga kwa kutumia mdoli wa matambara. Aliyenung'unika alifukuzwa, na wiki iliyofuata alirudi mwenyewe.

Mji haukupenda. Bodaboda wa stendi waliwabatiza vijana wale "mashangazi." Wanawake bombani walisema, "Hana mtoto, ndiyo maana anaharibu wa wenzake," nao walisema kwa sauti ili asikie.

Jumamosi moja Niyomwungere, mkulima wa mihogo, aliingia stooni bila hodi. Mwanawe Fidele, wa kidato cha pili, alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anakoroga maharage.

"Vua hiyo kanga."

"Baba, namalizia kidogo tu..."

Niyomwungere akaipiga teke sufuria. Maharage yakatapakaa hadi mlangoni, vijana wakaruka huku na huku.

"Huyu ni umugabo! Mwanamume!" alifoka. "Wewe mama, kama kwenu pwani wanaume wanashinda jikoni, warudie hukohuko."

"Kwetu, anayemwaga chakula anazoa," Bi Shamsi alijibu. "Ufagio ule pale, Baba Fidele."

Niyomwungere akamtemea mate miguuni, akamshika mwanawe ukosi na kumburuta nje. Bi Shamsi akawageukia waliobaki. "Mnatazama nini? Osheni sakafu."

Jioni hiyohiyo mlango wa stoo ulitiwa kufuli jipya. Mtendaji wa kata alisema ameletewa malalamiko, basi. Bi Shamsi akahamishia mafunzo uani kwake, nyuma ya mgahawa. Bodaboda wakahama kwenda kula kwingine. Kuna mtu alimpakia ukuta mavi ya ng'ombe. Akauosha mwenyewe, akimlaani aliyefanya, na mama yake, na ng'ombe. Lakini kilichomuuma hasa ni Fidele. Mtoto alipita barabarani akitoka shule, akainamisha kichwa, asimwamkie.

Mvua zilipoanza, mama yake Fidele, Benita, alikwenda Buhigwe kumuuguza mama yake. Alikaa huko muda mrefu. Siku aliyorudi alikuja mgahawani, kikapu cha safari kikiwa bado mkononi, akasimama mlangoni bila salamu.

"Mama yangu tumemzika," alisema.

"Pole sana, mwenzangu. Mungu amrehemu."

"Njia nzima nimewaza: wanakula nini, nani anawafulia? Nimefika, nyumba imefagiwa. Wadogo zake Fidele wamekoga, wamepakwa mafuta. Yeye amejifungia jikoni anapika, watu wasimwone. Baba yake anakula, kimya, halafu anasogeza sahani aongezewe."

Bi Shamsi akaanza kutabasamu.

"Usicheke!" Benita alipiga kelele, wateja wawili watatu wakageuka. "Hakuna aliyeniuliza mbona umechelewa. Hata yule mdogo! Mle ndani nilikuwa na kitu kimoja tu: kwamba nisipokuwepo, wanalala njaa. Hicho nacho umenipora."

Bi Shamsi aliacha kutabasamu. Aliwaza siku shemeji zake walipomnyang'anya funguo za duka, na jinsi alivyotoka pale akiwa hajui mikono yake aiweke wapi. Akavuta benchi, akamimina chai, akaiweka mezani.

Benita alikaa kwa hasira, akainywa yote.

"Sijakusamehe," alisema akiinuka.

"Sijakuomba."

"Na mtoto sikurudishii. Akitaka kupika, atapika kwangu, nikiwa namwona."

"Mwachie na kufua basi, nawe upumzike."

Benita akasonya, akachukua kikapu chake akaenda.

Niyomwungere naye mpaka leo akiuona mgahawa ule anavuka barabara. Hata salamu ya asubuhi, "mwakeye," ambayo Waha hawamnyimi mtu, yeye humnyima.

Jumamosi iliyofuata walikuja vijana wachache. Fidele hakuwamo. Kuni zilikuwa zimelowa, moshi umejaa uani. Bi Shamsi akawatukana wote kwa kuchelewa, akamkabidhi mmoja kisu na fungu la migebuka, akamwonyesha jinsi ya kupara magamba bila kujikata.